Kupogoa na kutunza haidrenjia: ukate nini, wapi na lini

Maswali kuhusu haidrenjia huwa ni yale yale. Niipogoe lini? Mbona imejaa majani lakini haitoi hata ua moja? Niliinunua ikiwa ya buluu, imekuwaje sasa ni ya waridi? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Umeandikwa kwa ajili yako wewe mwenye mche mmoja au michache nyumbani, si kwa anayelima maua ya kuuza.

Haidrenjia nyingi zinazogoma kuchanua haziumwi wala hazina njaa. Zilikatwa. Mwenye bustani aliona vijiti vya kahawia visivyo na jani, akadhani vimekufa, akavifyeka. Kumbe matumba ya maua ya msimu unaofuata yalikuwa yamekaa kwenye vijiti hivyo hivyo, yakisubiri hali ya hewa ibadilike. Ukiwa na shaka, weka mkasi chini. Haidrenjia isiyopogolewa mwaka mzima haifi. Itaonekana imevurugika kidogo, lakini itachanua.

VITU VYA KUANDAA

- Mkasi wa kupogolea wenye makali mawili yanayopishana. Ule ambao kali moja hushukia juu ya bapa huponda shina badala ya kulikata, na shina lililopondwa huoza kuanzia pale.
- Mkasi wa mipini mirefu au msumeno mdogo wa kupogolea, kwa mashina yenye unene wa zaidi ya sentimita 2.
- Spiriti ya asilimia 70 na kitambaa cha kufutia makali. Dawa ya klorini ya kufulia pia inafaa (sehemu 1 kwa maji sehemu 9), ila hula chuma, kwa hiyo suuza mkasi, ukaushe na uupake mafuta baada ya kazi.
- Glavu. Utomvu wa haidrenjia huwasha ngozi za baadhi ya watu.
- Vipande vya uzi au utepe wa rangi. Utaona kazi yake hivi punde.
- Mboji iliyoiva na matandazo: majani makavu, magome yaliyokatwakatwa au nyasi kavu zisizo na mbegu.
- Kipimo cha pH ya udongo (kiwango cha tindikali au chokaa), ikiwa unataka kuchezea rangi. Kama rangi haikusumbui, usijigharimu.

HATUA YA 1: Ijue aina uliyo nayo

Usiruke hatua hii. Kwa mtu mwenye mkasi mkononi, haidrenjia ziko za makundi mawili: zinazochanua kwenye matawi yaliyoota msimu uliopita, na zinazochanua kwenye matawi mapya ya msimu huu.

Zinazochanua kwenye matawi ya zamani:

Hydrangea macrophylla. Ndiyo inayopandwa zaidi majumbani. Majani yake ni mapana, mazito, yanang'aa, na kingo zake zina meno ya msumeno. Maua huwa ya mviringo mkubwa, au bapa lenye vijiua vidogo katikati vilivyozungukwa na vikubwa pembeni. Hii ndiyo inayobadilika rangi.

Hydrangea serrata. Inafanana na ya kwanza ila ni ndogo zaidi, jani lake ni jembamba, na kwa kawaida ua lake ni bapa. Ihudumie vile vile.

Hydrangea quercifolia. Majani yake yamechanjika ncha ncha kama ya mwaloni, gome la mashina yake hubanduka, na maua yake ni meupe yaliyopangana kwenye mkungu mrefu. Katika nchi zenye majira manne majani yake hugeuka mekundu na zambarau kabla ya kupukutika.

Hydrangea petiolaris. Hutambaa ukutani au kwenye mti mkubwa kwa vijizizi vyake. Haihitaji mengi: punguza yanayojitokeza nje mara tu baada ya kuchanua, basi.

Zinazochanua kwenye matawi mapya:

Hydrangea paniculata. Ua lake lina umbo la pia, pana chini na jembamba juu, huanza kijani kibichi au jeupe kisha huzeeka kuelekea waridi. Mara nyingi utakuta majani matatu yametoka kwenye kifundo kimoja, jambo ambalo hulikuti kwenye macrophylla. 'Limelight' ni ya kundi hili.

Hydrangea arborescens. Majani mepesi, yasiyong'aa, yenye umbo la moyo, mashina membamba, maua meupe ya mviringo. Inayojulikana zaidi ni 'Annabelle'.

Kuna pia aina za macrophylla zilizozalishwa ili zichanue kwenye matawi ya zamani na mapya, kama zile zinazouzwa kwa jina la Endless Summer. Zipogoe kama za kundi la kwanza. Ukizifyeka zitachanua, ndiyo, lakini kwa kuchelewa na kwa maua machache, na utakuwa umetupa mkupuo wa kwanza, ambao ndio mzuri.

Lebo imepotea na mche hauna ua la kukusaidia? Hapa ndipo uzi wa rangi unapoingia. Kabla machipukizi mapya hayajaanza, funga uzi kwenye mashina matano au sita ya kahawia, kisha usikate chochote msimu huo. Maua yakitokea mwanzoni mwa msimu, kwenye vitawi vifupi vilivyotoka kwenye mashina uliyofunga uzi, una kundi la kwanza. Yakija baadaye, kwenye ncha za matawi marefu ya kijani yaliyoota mwaka huo, una kundi la pili. Msimu mmoja wa kusubiri ni bei ndogo.

HATUA YA 2: Chagua wakati

Fuata mmea, usifuate kalenda ya mtu wa nchi nyingine. Ushauri mwingi unaozunguka unataja miezi, na miezi hiyo ni ya upande mmoja tu wa dunia.

Kundi la kwanza hupogolewa mara maua yanapopoteza rangi na kuanza kukauka. Una wiki chache tu. Baada ya hapo, siku zinapopungua urefu na usiku kuanza kupoa, mmea hutengeneza matumba ya msimu ujao kwenye ncha za matawi. Katika nchi za kaskazini zenye majira manne hilo hutokea kuanzia takriban Agosti hadi Oktoba. Kusini ni takriban Februari hadi Aprili. Kila tawi unalolifupisha baada ya hapo ni ua unaloliondoa.

Kundi la pili hupogolewa mmea ukiwa umelala, kabla macho (vichipukizi vidogo vilivyofumba kwenye tawi) hayajafunguka: mwisho wa majira ya baridi, au kwenye sehemu zisizo na baridi ya kupukutisha majani, mwishoni mwa kipindi ambacho mmea umesimama bila kukua.

Mashina yaliyokufa, yaliyovunjika au yenye ugonjwa hayangojei msimu. Yatoe siku yoyote uyaonapo, kwa kundi lolote.

HATUA YA 3: Ondoa vilivyokufa, na uhakikishe vimekufa

Kwangua gome kidogo kwa ukucha. Ukiona ukijani na unyevu chini yake, shina liko hai. Ukiona kahawia kavu, shuka chini sentimita kumi hivi na ukwangue tena, hadi ufike penye uhai. Kata juu kidogo ya jozi ya kwanza ya macho mazima. Kama hakuna uhai hadi kwenye udongo, likate shina lote usawa wa ardhi.

Usifanye ukaguzi huu mapema mno baada ya baridi. Macrophylla inaweza kuonekana imekufa kabisa kwa wiki kadhaa huku macho yake yakivimba taratibu. Ngoja hadi uone majani madogo yakijitokeza, ndipo utajua kwa macho kipi cha kukata.

HATUA YA 4: Punguza mashina makongwe (kundi la kwanza)

1. Piga magoti uangalie kichaka kutokea chini, si juu. Mashina makongwe ni manene, ya kijivu, gome lake limepasuka na juu yamejaa vitawi vyembamba vingi.

2. Chagua machache kati ya hayo. Kiasi kinachofaa ni robo, na kisizidi theluthi ya mashina yote kwa mwaka mmoja. Kichaka chenye mashina 12 kinatolewa 3, au 4 ikiwa kimesongamana sana.

3. Yakate usawa wa udongo, au karibu nao uwezavyo. Usiache visiki vya sentimita 20. Hivyo huoza au huchipua vijitawi dhaifu.

4. Ondoa pia mashina membamba kuliko penseli yaliyobanwa katikati, na moja kati ya mawili yanayosuguana.

5. Simama, rudi nyuma hatua chache, tazama. Unataka hewa ipite katikati ya kichaka. Ukishaona mwanga unapenya, acha.

Kichaka kilichotelekezwa miaka mingi kifufue kwa awamu: theluthi mwaka huu, theluthi mwakani, theluthi mwaka wa tatu. Ukikikata chote kwa mara moja kitachipua kwa nguvu, lakini msimu unaofuata utakuwa na majani matupu.

Quercifolia inahitaji mkasi mara chache kuliko hata macrophylla. Iachie nafasi ya kutosha tangu kupanda na mara nyingi hutakuwa na la kukata zaidi ya vilivyokufa.

HATUA YA 5: Kata maua yaliyonyauka

Shuka kutoka kwenye ua lililokauka hadi jozi ya kwanza ya macho yaliyonenepa na ukate nusu sentimita hivi juu yake. Macho ya haidrenjia hukaa mawili mawili yakitazamana, kwa hiyo mkato uwe wa mlalo ulionyooka, si wa mshazari. Ukikata mshazari utalijeruhi moja. Usishuke zaidi ya hapo. Tamaa ya kushuka hadi jozi ya tatu au ya nne "ili kichaka kikae sawa" ndiyo inayomaliza maua ya mwakani.

Kwenye sehemu zenye jalidi (baridi ya kugandisha), yaache maua makavu juu ya macrophylla hadi machipuko. Yanakinga kidogo matumba yaliyo chini yake. Pasipo jalidi hakuna sababu ya kuyaacha, isipokuwa kama unayapenda yalivyo, na wengi huyapenda.

Ukitaka maua ya kuweka ndani, yavune asubuhi na ukate shina fupi. Ya kukausha yangoje yaanze kuzeeka yenyewe na kuhisi kama karatasi unapoyagusa; yakikatwa yakiwa mabichi hunyauka tu.

HATUA YA 6: Kupogoa kundi la pili

Hapa unaruhusiwa kuwa jasiri, ila kwa kipimo.

Paniculata: chagua mashina makuu 5 hadi 7 yawe mifupa ya kichaka, yenye urefu wa sentimita 30 hadi 60. Kila mwaka rudisha matawi ya mwaka jana hadi kwenye jozi moja au mbili za macho juu ya mifupa hiyo. Kadiri unavyokata zaidi, maua huwa makubwa lakini machache. Ukikata kidogo unapata mengi madogo. Kwa bustani yenye upepo na mvua nyingi, mengi madogo ni bora, kwa sababu mazito huinamisha matawi hadi chini.

Arborescens: watu wengi huifyeka usawa wa udongo kila mwaka. Itachanua, lakini mashina yatakuwa teketeke na mvua ya kwanza italaza kila kitu. Ikate kwenye urefu wa sentimita 30 hadi 45. Mashina yale ya zamani yanabaki kama egemeo la mapya. Kila mwaka toa kabisa machache yaliyo dhaifu.

HATUA YA 7: Maji, matandazo na chakula baada ya kukata

Mizizi ya haidrenjia iko juu juu, na majani yake mapana hupoteza maji kwa kasi. Lenga maji yanayolingana na milimita 25 za mvua kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba, yakigawanywa mara mbili au tatu. Yamwage polepole chini kwenye udongo, si juu ya majani, na iwe asubuhi. Kunyunyiza kidogo kila siku huipa mizizi tabia ya kubaki juu, ambako ndiko jua linakoichoma kwanza. Mche wa kwenye chungu ni habari nyingine: wakati wa joto unaweza kuhitaji maji kila siku, na chungu lazima kiwe na matundu.

Tandaza matandazo unene wa sentimita 5 hadi 8 kuzunguka mche, ukiacha nafasi ya sentimita 5 hivi bila kitu karibu na mashina. Matandazo yaliyorundikwa kwenye mashina huozesha na kuficha konokono.

Mbolea ni eneo ambalo watu hupitiliza. Mboji ndoo moja kwa kichaka kikubwa, mara moja kwa mwaka machipukizi yanapoanza, inatosha kwa udongo wa kawaida. Ukitumia mbolea ya dukani, chukua yenye virutubisho vitatu vinavyolingana, kwa mfano 10-10-10, gramu 50 hadi 70 kwa mita ya mraba, mwanzoni mwa ukuaji, uichanganye na udongo wa juu kisha umwagilie. Samadi mbichi usiiguse, inaunguza. Mbolea yenye naitrojeni nyingi, pamoja na ile ya nyasi za uani inayosombwa na maji hadi kwenye kitalu cha maua, huleta majani makubwa ya kijani kibichi yasiyo na ua. Na kwenye nchi zenye jalidi, acha kulisha kiangazi kinapokaribia mwisho, la sivyo machipukizi mororo yatakutwa na baridi.

Mahali pa kupanda pia ni sehemu ya matunzo, ingawa kwa wengi wenu mche umeshapandwa. Jua la asubuhi na kivuli cha mchana ndiyo hali inayoifaa macrophylla. Paniculata huvumilia jua la siku nzima ikiwa maji yapo. Nafasi kati ya miche: mita 1 hadi 1.5 kwa macrophylla, mita 2 na zaidi kwa paniculata. Shimo liwe na upana mara mbili ya chungu, na kina kile kile cha chungu. Mwaka wa kupanda usipogoe.

KUBADILI RANGI

Macrophylla na serrata pekee ndizo zinazobadilika kati ya buluu na waridi. Ua jeupe halibadiliki, hata uliwekee nini. Kinachotia buluu ni alumini inayofyonzwa na mizizi. Udongo wenye tindikali huiachilia alumini, wenye chokaa huifunga. Kwa ujumla, pH chini ya 5.5 huleta buluu, juu ya 6.5 huleta waridi, na katikati hupata zambarau au mchanganyiko kwenye kichaka kimoja.

Kuelekea buluu:

1. Pima pH kwanza. Kama iko juu ya 7 na udongo una chokaa ya asili, panda kwenye chungu chenye udongo wa tindikali badala ya kupigana na ardhi.

2. Lowesha udongo kwa maji matupu.

3. Yeyusha salfeti ya alumini kijiko kimoja kikubwa (mililita 15) kwenye lita 4 za maji, umwage kuzunguka mche, si juu ya majani.

4. Rudia baada ya wiki tatu au nne, kuanzia majani yanapochanua hadi matumba yanapoonekana. Usiongeze dozi kwa papara. Ikizidi, mizizi huungua na kingo za majani hukauka. Mche wenye umri chini ya miaka miwili uache kwanza ujijenge.

5. Epuka mbolea yenye fosforasi nyingi, kwani nayo huifunga alumini. Tumia maji ya mvua ukiweza. Ya bomba mengi yana chokaa na yatakurudisha nyuma.

Kuelekea waridi, nyunyiza chokaa ya bustani kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mfuko, kulingana na pH uliyopima. Kazi yake huchukua miezi, si siku. Usivuke 7 sana, maana hapo majani huanza kukosa chuma na kugeuka njano.

Kuhusu misumari yenye kutu na makapi ya kahawa, ambavyo wengine huamini hutia buluu: msumari unatoa chuma, na chuma si alumini. Makapi ya kahawa yatupie kwenye mboji, huko yana faida zaidi.

Maua yaliyokwisha kufunguka hayabadiliki rangi. Unafanya kazi kwa ajili ya yajayo.

UKIWA NA MKASI MKONONI: VIPANDIKIZI

Tawi changa la kijani lisilo na ua, lenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, ni mche mpya wa bure. Likate asubuhi, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani yote ya chini, bakisha jozi moja juu, na kama majani hayo ni makubwa yakate nusu ili yasipoteze maji. Homoni ya kuotesha mizizi inasaidia lakini si lazima. Chomeka kwenye mchanganyiko wa mchanga nusu na mboji laini nusu, kifundo kimoja kikiwa chini ya udongo. Funika kwa mfuko mwangavu wa plastiki usiogusa majani, weka kivulini penye mwanga, na hakikisha udongo una unyevu bila kutota. Baada ya wiki 3 hadi 4 vuta taratibu: kikigoma kutoka, kina mizizi. Kikitoka, kirudishe, usikitupe.

MAKOSA YANAYORUDIWA SANA

Kutumia mkasi wa kukatia ua wa michongoma na kukilinganisha kichaka chote kwa juu. Kwenye kundi la kwanza matumba yako kwenye ncha, na ncha ndizo zinazoondoka.

Kuifupisha kila mwaka kwa sababu inaziba dirisha au njia. Mkasi hautashinda, ihamishe, au panda aina fupi.

Kupaka rangi au lami kwenye mikato. Jeraha hujifunga lenyewe, rangi hufungia unyevu ndani.

Kuacha matawi yenye ugonjwa chini ya kichaka yageuke matandazo. Yaondoe kabisa bustanini.

Kuacha vipande mahali mbwa, paka, mifugo au watoto wanaweza kuvitafuna. Majani, machipukizi na maua ya haidrenjia yana sumu. Yakiliwa huleta kutapika na kuhara.

MATATIZO NA TIBA

Majani tele, ua hakuna. Jiulize kwa mpangilio huu: ilikatwa lini? Jalidi ilipiga baada ya macho kufunguka? Iko kwenye kivuli kizito siku nzima? Naitrojeni imezidi? Zote zikikosa, tazama joto. Macrophylla hutengeneza matumba vizuri zaidi joto likishuka chini ya nyuzi 18 za Selsiasi kwa wiki kadhaa. Mahali penye joto mwaka mzima inaweza kuota majani miaka yote bila kuchanua, na hakuna mbolea ya kurekebisha hilo.

Inachanua chini tu, karibu na udongo. Ncha zilikufa kwa baridi, za chini zikaokolewa na matandazo. Kabla ya baridi ijayo zungushia kichaka wavu au magunia, ujaze majani makavu ndani, na uyaondoe hatari ya jalidi ikipita.

Inanyauka mchana. Gusa udongo kwa kidole hadi sentimita 5 chini. Kama una unyevu, usimwagilie. Majani yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyovuta, na jioni yatasimama. Kama bado yamelegea asubuhi iliyofuata, hapo kweli ina kiu, au mizizi imeoza kwa maji yanayotuama. Udongo uliotota wenye harufu mbaya unamaanisha hilo la pili: ing'oe, kata mizizi iliyooza, ipandishe kwenye tuta.

Majani ya njano, mishipa ikiwa bado ya kijani. Chuma hakifyonzwi kwa sababu pH iko juu. Mpe chuma kilichotengenezwa maalumu kwa udongo wa chokaa, kisha ushughulikie pH polepole kwa salfa na mboji. Ikiwa ni majani ya chini tu yanayogeuka njano yote pamoja na mishipa, hiyo ni njaa ya naitrojeni.

Madoa ya mviringo yenye kiini cha kijivu na ukingo wa zambarau. Ni ukungu wa Cercospora, hupenda majani yaliyolowa. Chuma majani yaliyoathirika, zoa yaliyoanguka, acha kumwagilia juu. Mara nyingi hujitokeza mwishoni mwa msimu, na wakati huo hauna haja ya dawa.

Unga mweupe juu ya majani. Ukungu mwingine, unaopenda hewa iliyobana kati ya matawi. Punguza mashina ya katikati. Ukienea, tumia dawa ya salfa siku isiyo na jua kali.

Majani yamejikunja na yananata, sisimizi wanapanda na kushuka. Geuza jani utaona vidukari. Wapige kwa maji ya nguvu siku mbili tatu mfululizo, kisha maji ya sabuni ya bustani ikibidi. Ukiona badala yake vidoto vidogo vya njano na utando mwembamba sana, ni utitiri. Nao hupungua ukiloweka upande wa chini wa majani na kutoiacha kiu.

Matawi yanalala baada ya mvua. Kung'uta maji kwenye maua, funga kwa kamba laini kwenye vijiti vifupi vilivyofichwa ndani ya kichaka. Mwakani usiikate chini sana na upunguze mbolea.

Maua yamegeuka kijani. Kama yalichanua kwa rangi yake kisha yakageuka baada ya wiki nyingi, yamezeeka tu. Kama yanatoka kijani tangu mwanzo, magumu, na vijani vinaota katikati ya ua, huo ni ugonjwa usio na tiba unaobebwa na wadudu wanaofyonza utomvu. Ng'oa kichaka chote na mizizi yake, kichome au ukifunge na kukitupa, na usichukue kipandikizi hata kimoja kutoka kwake.